Roboti au mkono wa daktari: tumwandikie nini mgonjwa kwenye fomu ya ridhaa?

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi tuulize jambo lililotugawa kazini. Sisi ni wauguzi tunaowaandaa wagonjwa kabla ya upasuaji mkubwa. Tunawaeleza kitakachofanyika, tunajibu maswali yao, tunahakikisha anayesaini fomu ya ridhaa ameelewa anachosaini. Swali linaloulizwa zaidi siku hizi ni hili: "Nifanyiwe na daktari au na roboti?"

Swali lenyewe limekaa vibaya, na hapo ndipo taabu yetu inapoanzia. Roboti zinazotumika kwa upasuaji wa tumbo na nyonga, da Vinci ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi, hazijiamulii chochote. Daktari huketi hatua chache kutoka kitandani, macho yakiwa kwenye picha ya pande tatu iliyokuzwa takribani mara 10, vidole vikiwa kwenye vishikio. Akisogeza vidole sentimita 3, mashine inaweza kupangwa ili ncha ya chombo isogee sentimita 1 tu. Mtetemo wa mkono unachujwa. Na ncha hiyo inapinda na kuzunguka kwa namna ambayo vyombo vilivyonyooka vya laparoskopi, yaani upasuaji wa matundu madogo kwa kamera na vyombo vya mkononi, haviwezi. Faida yake inaonekana hasa pale pa kushona ndani kabisa ya nyonga, kwa mfano kuunganisha kibofu na mrija wa mkojo baada ya tezi dume kutolewa.

Roboti inayoshona yenyewe ipo, lakini bado ni ya maabara. Mwaka 2022 watafiti wa Johns Hopkins walitangaza kwamba mashine yao, STAR, iliunganisha utumbo wa nguruwe huku sehemu kubwa ya kazi ikijiendesha. Mgonjwa anayeogopa kuachiwa mashine anaogopa kitu ambacho hakimo kwenye ratiba ya kesho.

Chaguo la kweli, basi, ni njia tatu: kufunguliwa wazi, matundu kwa vyombo vya mkononi, au matundu kwa roboti. Nyuma ya kila njia yupo daktari mwenye uzoefu wake, mwingi au mdogo. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini hapa anayetakiwa kuchagua jembe ndiye shamba lenyewe.

Kwa tezi dume tunautegemea utafiti uliofanyika Brisbane, Australia, ambao matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2016. Wanaume waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine roboti, wengine upasuaji wa wazi. Baada ya wiki 12, na tena baada ya miezi 24, hapakuwa na tofauti ya maana katika uwezo wa kuzuia mkojo wala nguvu za kiume. Damu iliyopotea ndiyo iliyotofautiana sana: wastani wa mililita 440 hivi kwa roboti, na 1,340 hivi kwa wazi. Waliofanyiwa kwa roboti pia walitoka hospitali mapema zaidi. Ila kuna jambo ambalo watu hulipita haraka. Kila upande ulikuwa na daktari mmoja tu. Wa upasuaji wa wazi alishafanya zaidi ya 1,500, na wa roboti alikuwa na takribani 200 utafiti ulipoanza. Wenzetu wengine husema mashine ilimbeba mwenye uzoefu mdogo hadi akalingana na mkongwe. Wengine husema kama ingekuwa bora kiasi hicho, ingeshinda. Takwimu zenyewe haziwezi kuwaamua, kwa kuwa mkono na chombo vimefungwa pamoja.

Saratani ya mlango wa kizazi ni habari nyingine kabisa, na hapa hatutaki porojo. Utafiti uitwao LACC, uliochapishwa mwaka 2018, ulilinganisha upasuaji wa matundu na wa wazi kwa wanawake wenye saratani hiyo katika hatua za mwanzo. Baada ya miaka 3, waliobaki bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 91.2 kwa matundu na 97.1 kwa wazi. Wengi wa kundi la matundu walifanyiwa kwa laparoskopi ya kawaida na wachache kwa roboti. Mwaka uliofuata mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu kutumia roboti kwenye saratani za wanawake, zikiwemo za matiti na mlango wa kizazi. Tundu dogo na kovu dogo si ushahidi kwamba saratani imetolewa vizuri zaidi.

Halafu kuna mambo ambayo vipeperushi havigusi. Kwa upasuaji wa tezi dume mgonjwa hulazwa kichwa chini kwa nyuzi 25 hadi 30, tumbo likijazwa kaboni dioksidi kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, pengine kwa saa kadhaa. Uso huvimba, njia ya hewa inaweza kuvimba pia, na shinikizo ndani ya jicho hupanda. Mwenye glaukoma (ugonjwa wa macho unaohusiana na shinikizo hilo) au ugonjwa mzito wa moyo au mapafu lazima aonwe na daktari wa usingizi mapema, si asubuhi ile ile. Mwili ukiteleza kitandani, neva za begani huvutika. Mikono ya roboti ikishaunganishwa, kitanda hakiguswi, kwa sababu vyombo vimepita kwenye ukuta wa tumbo na mwili ukisogea vitachana. Isipokuwa kitanda kiwe cha aina iliyounganishwa na roboti, visogee pamoja.

Kuna pia suala la hisia. Matoleo mengi ya roboti hayamrejeshei daktari mguso. Hukadiria mvuto wa uzi kwa macho, kwa kuangalia tishu inavyopauka au inavyokunjamana. Asiyezoea hukata uzi, au hubana utumbo kupita kiasi bila kujua. Da Vinci 5, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2024, ina vyombo vinavyopima nguvu, ila matoleo yaliyoitangulia hayana. Mkasi wa umeme nao una kifuniko laini cha kuzuia umeme kuvuja. Kikipasuka, cheche huunguza mahali ambapo kamera haitazami, na tundu la utumbo hujulikana siku kadhaa baadaye kwa homa na maumivu.

Damu ikifoka au mashine ikigoma, maisha ya mgonjwa yako kwa msaidizi aliyesimama kando ya kitanda. Yeye ndiye anayekandamiza, anayetoa vyombo, anayefungua mikono ya roboti na kuirudisha nyuma ili tumbo lifunguliwe. Chombo kikikwama kimebana tishu, kuna ufunguo mdogo wa kulegeza taya zake kwa mkono, nao lazima uwe chumbani, pamoja na seti ya kufungulia tumbo iliyokwisha kuhesabiwa. Mgonjwa huuliza jina la daktari bingwa. Jina la msaidizi hatujasikia likiulizwa.

Sasa mgogoro wetu. Fomu tunayotumia ina sentensi moja: upasuaji utasaidiwa na roboti na unaweza kugeuzwa kuwa wa wazi. Nusu yetu wanataka iongezwe idadi ya upasuaji huo huo ambao daktari ameshafanya kwa roboti hiyo, mara ngapi amelazimika kugeuza, nani atasimama kando ya kitanda, na kama daktari mwanafunzi atashika kiti cha pili, yaani seti ya pili ya vishikio vya kuendeshea roboti hiyo hiyo. Nusu nyingine wanapinga, na hoja zao si nyepesi. Daktari anayepelekewa wagonjwa wagumu, wenye makovu ya upasuaji wa zamani na viungo vilivyogandana, atageuza mara nyingi kuliko anayechagua wepesi. Tena kugeuza mapema mara nyingi ndiyo busara. Anayeogopa idadi yake isichafuke anaweza kung'ang'ania roboti wakati ilipaswa kuondolewa. Na wagonjwa wote wakikimbilia mwenye mia tano, mwenye kumi atafikaje hamsini? Kiti cha pili humwezesha mwalimu kunyang'anya uongozi papo hapo, lakini mgonjwa akisikia neno "mwanafunzi" hasikii tena kinachofuata.

Tunaomba wenye uzoefu, hasa waliokwisha kubadilisha fomu zao, watueleze. Je, idadi mliiandika kwenye fomu, au mliacha daktari aitaje kwa mdomo? Kugeuza mlikueleza vipi bila kumfanya mgonjwa akuone ni kushindwa? Na mgonjwa akishasoma idadi, akataka daktari mwingine asubuhi ya upasuaji, akiwa hajala tangu usiku na chumba kimeshaandaliwa, nani anapaswa kumjibu: sisi, daktari mwenyewe, au mkuu wa idara?

Wenu,
Wauguzi wa maandalizi ya upasuaji