Kale kamnara kwenye picha

Swahiba, salaam sana. Umeniuliza kwenye meseji kwa nini nimekutumia picha ya kajumba ka mawe kamekaa peke yake juu ya jabali, hakana hata dirisha la maana, ukasema labda ni stoo ya wavuvi. Nimeona nikuandikie kabisa, maana hii habari haitoshi kwenye meseji, na tangu nifike huku Malta sijaona kitu kimenikaa kichwani kama hiki.

Ule ni mnara wa doria bwana. Zamani kisiwa kilikuwa chini ya wale wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, chama cha kidini cha Wakristo chenye jeshi lake, na mkuu wao mmoja, Martin de Redin, mwaka 1658 na 1659 akajenga minara 13 ya namna ile kandokando ya pwani. Midogo, chumba juu ya chumba, na mlango hauko chini, uko ghorofa ya juu, yaani unapanda kwa ngazi halafu ngazi unaivuta ndani. Ila uzuri wake uko kwenye mpangilio, ukisimama juu ya mmoja unamwona jirani yako huku na jirani yako kule, basi wakiona meli za maharamia zinakuja, mchana wanafukiza moshi, usiku wanawasha moto, mnara wa pili ukiona nao unawasha, na wa tatu hivyohivyo, mpaka habari inafika mjini Valletta wakati maadui hata nanga hawajatia. Mi nilikuwa najua mnara wa pwani ni wa kupigana. Kumbe hawa walinzi walikuwa wachache tu na mzinga mmoja au miwili, wangezuia kundi gani la meli? Walikuwepo ili mama wa kijijini apate muda wa kubeba watoto na kukimbia. Hicho tu, na hicho kilikuwa kikubwa mno.

Maana hao maharamia hawakuja kutafuta dhahabu kwa wakulima, walikuja kuchukua watu. Kile kisiwa cha pili, Gozo, mwaka 1551 Turgut Reis na Sinan Pasha, makamanda wa dola ya Waturuki (Ottoman), walifika na meli zao, watu wote wakawa wamejazana ndani ya ngome moja ya zamani juu ya kilima, Cittadella, kuta zake hazikuwa za kuhimili mizinga, siku chache tu wakasalimu amri. Walichukuliwa kati ya watu 5,000 na 6,000, karibu kisiwa kizima, wakapakiwa melini kwenda utumwani, wakabaki wazee na wachache waliojishusha ukutani kwa kamba. Hebu fikiria mashamba yapo, nyumba zipo, mbuzi wapo, watu hakuna. Na baada ya hapo sheria ikawa kila mtu wa Gozo usiku lazima alale ndani ya ngome, unalima mchana jua likianza kuzama unapandisha kilima na wanao, sheria hiyo ilidumu mpaka 1637! Nimefikiria sana wale watoto waliozaliwa wakakua hawajawahi kulala kwenye nyumba yao wenyewe.

Sasa angalia tofauti mnara ukiwepo. Mwaka 1614 zilikuja meli za Waturuki kama 60, wakataka kushuka ghuba ya Marsaxlokk, mnara wa St Lucian ambao ulikuwa bado mpya kabisa ukawapiga mizinga, ikabidi wahamie ghuba ya jirani ambayo haikuwa na ulinzi. Wakashuka kweli, wakafika hadi kijiji cha Żejtun, wakachoma mashamba, wakaharibu na kanisa, lakini watu walikuwa wameshakimbia. Ile ghuba ya pili ikajengewa mnara mwaka huohuo.

Kuna kitu kingine kiliniuma. Pale katikati ya Malta na Gozo kuna kisiwa kidogo, Comino, maharamia walikuwa wanajificha kwenye mapango yake kuvizia mashua zinazovuka. Mwanzoni mwa karne ya 15 wananchi walimwomba mfalme Alfonso wa Aragon, aliyetawala visiwa hivi kabla ya wale wapiganaji, awajengee mnara pale, wakatozwa kodi ya mvinyo kwa ajili hiyo, hela ikakusanywa, mfalme akaipeleka kwenye mambo yake. Mnara ulijengwa 1618. Miaka 200 swahiba! Niliupigia picha kutoka juu ya ule mnara mwekundu wa Mellieħa, upande wa Malta, ile picha ya pili niliyokutumia, nikawa nahesabu kimoyomoyo ni vizazi vingapi vilivuka pale vimelipa na hakuna anayewaangalia.

Lakini nisikufiche na upande wa pili, maana wengi huku wakisimulia wanaishia hapo. Hao wapiganaji wenyewe walikuwa wanatoa leseni kwa meli za Malta kwenda kuteka meli na vijiji vya Waislamu, na Valletta ilijaa watumwa, mpaka 1749 watumwa wakapanga njama ya kuasi ikagundulika. Kwa hiyo na kule pwani ya Afrika Kaskazini kulikuwa na mama anaangalia bahari kwa hofu ileile. Mi siwezi kuusifia mnara bila kumkumbuka na huyo.

Alafu kabla ya minara unajua nani alikuwa analinda? Wanakijiji wenyewe kwa zamu, usiku kwa usiku, bila kujali kesho kuna kulima. Hiyo zamu waliita Dejma. Niliposikia hilo neno nikasimama, maana kwa Kimalta dejjem ni daima, yaani sikio langu lilisikia Kiswahili kabisa. Na bahari wanasema baħar.

Waingereza nao walijifunza mnara kutoka huku Mediterania, ila kwenye kisiwa cha Corsica. Mwaka 1794 meli zao mbili za kivita zilipiga mnara mmoja wa zamani wa mviringo pale Mortella zikashindwa, zikarudi zimeumia, ukaja kuanguka kwa mizinga ya nchi kavu. Wakapenda, wakaenda kujenga mingi kwao wakihofia Napoleon wa Ufaransa, na jina wakaligeuza likawa Martello. Ila naona walichochukua ni ule unene wa ukuta, yale macho ya kuonana mmoja kwa mwingine ndo kitu mi nakipenda zaidi.

Jumapili nikipata nafasi navuka kwenda Gozo. Nataka nipande Cittadella jioni, kwa mguu, jua likiwa linazama, njia waliyokuwa wanapanda na watoto wao. Nitakutumia picha ya kutokea juu kule, usiniulize tena kama ni stoo.

Wako.