Kabla hujauza kamera yako, tazama tundu la lenzi

Wiki haipiti dukani kwetu bila ya mtu kuingia na kamera shingoni na uso wa kukata tamaa. "Ami, hii kamera imechoka. Nitafutie nyengine." Wa mwisho alikuwa binti wa Jang'ombe anayepiga picha za harusi upande wa wanawake, kule ambako sisi wanaume hatuingii, na kwa sababu hiyo kazi anazo nyingi kuliko mimi. Usiku uliotangulia alikuwa kwenye singo ya jirani yake, ile shughuli ya kumsinga bibi harusi: chumba kimoja, taa moja ya dari na vile vitaa vya rangi ukutani. Nusu ya picha zilikuwa na chembechembe kama zimenyunyiziwa ufuta. Nusu nyengine zimetikisika, hata mkono wa somo, yule kungwi wake, ukaonekana una vidole kumi.

Nikaipokea kamera, nikaipindua huku na huku. Haina hata mkwaruzo. Mbele yake imekaa ile ile lenzi iliyotoka nayo kwenye boksi, 18-55. Nikamwambia, "Mwanangu, kamera yako nzima. Inakufa na njaa ya mwanga tu." Akaniangalia kama mtu anayeuziwa kitu.

Basi haya ndiyo niliyomweleza, na ndiyo ninayowaeleza wengi wanaoanza. Nimeona bora yakae mahali pamoja, mtu ayasome kabla hajaja kutumia pesa.

Juu ya meza yetu pana lenzi kongwe ya 50mm ya zama za filamu. Haiuzwi. Ina pete ya kuzungusha kwa mkono, na ukiielekeza mlangoni kwenye mwanga ukachungulia, unaona ndani yake visahani vyembamba vya chuma vimepangana duara. Zungusha pete upande mmoja, vinajificha vyote na tundu linabaki wazi kama sarafu. Zungusha upande wa pili, vinasogeleana taratibu mpaka kinabaki kitundu cha kupitisha punje ya mchele. Hiyo ndiyo apecha inayoandikwa kwenye vitabu vya kamera. Sisi tunaiita tundu, na hakuna aliyewahi kutuelewa vibaya.

Kama huna lenzi kongwe, mtazame paka. Mji Mkongwe hawajakosekana. Yule anayelala barazani saa saba mchana, mboni yake ni uzi mwembamba uliosimama. Mkute huyo huyo usiku kwenye kona ya uchochoro akisubiri vichwa vya samaki, mboni imetanuka mpaka jicho zima jeusi. Lenzi yako inafanya kazi hiyo hiyo, ila paka hafundishwi na wewe inabidi ujue lini utanue na lini ubane.

Sasa tunafika pale panapowachanganya watu wote, na mimi pamoja nao nilipoanza. Nambari za tundu zinakwenda kinyume. f/1.8 ni tundu kubwa, f/16 ni dogo. Watu wanakariri bila kuelewa, halafu siku ya harusi wanasahau. Huna haja ya kukariri. Ile f ni urefu wa fokasi wa lenzi, yaani zile milimita zilizoandikwa juu yake kama 50mm, si urefu wa lenzi yenyewe kwa rula, na mstari ule ni wa kugawa. Mkate wa ufuta ukiugawa kwa watu wawili, kila mmoja kapata kipande cha maana. Ukiugawa kwa watu kumi na sita, ni kuonja tu. Lenzi ya 50mm kwenye f/2 ina tundu la upana wa 25mm. Kwenye f/16, 50 ugawe kwa 16, unapata 3mm na kidogo.

Nambari zenyewe zinapanda hivi: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, 22. Kila hatua moja mbele inakata mwanga kwa nusu. Ukirudi hatua moja, mwanga unakuwa mara mbili. Kamera za siku hizi zina vihatua vya katikati, usivijali kwa sasa.

Turudi kwa binti na singo yake. Pembeni ya lenzi yake pameandikwa 3.5-5.6. Maana yake ni kwamba ikiwa kwenye 18 inafunguka hadi f/3.5, lakini ukivuta zumu hadi 55 haiwezi kupita f/5.6 hata uibembeleze. Na yeye kwenye chumba kilichojaa wanawake alivuta, kwa sababu hakutaka kuwasogelea mno. Kamera ikaona giza, ikapandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, hadi 6400, ndiyo zile chembe za ufuta. Bado haikutosha, shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga, ikashuka kasi hadi 1/30 ya sekunde, ndivyo vile vidole kumi. Nikamfungia lenzi ya 35mm ya f/1.8 kutoka kabatini. Kati ya 5.6 na 1.8 mwanga unaoingia unaongezeka karibu mara kumi. Kwa chumba kile kile angeweza kuishusha ISO hadi 1600 na kuipandisha shata hadi 1/80. Kamera ile ile, na taa ile ile moja.

Mtu atauliza, na fleshi je? Fleshi ya usoni kwenye singo ni dhuluma. Ngozi imepakwa, inang'aa, na fleshi inairudisha kama kioo. Ukipiga kwa kuielekeza juu ili mwanga urudi kwa upole, kwenye ukumbi mpya wenye dari nyeupe ni sawa. Kwenye nyumba zetu kongwe dari iko juu sana na boriti zake zimeiva kwa miaka, mwanga ukienda huko haurudi.

Tundu kubwa lina jambo la pili, na hili ndilo linalowapendeza watu zaidi. Nyuma ya mtu panayeyuka. Mlango wa nakshi ulio mita tatu nyuma ya bwana harusi unakuwa kivuli laini cha kahawia, taa za Forodhani zinageuka duara za dhahabu. Vijana wakishaionja hiyo, hawataki tena kuifunga lenzi. Kila picha f/1.8, mchana na usiku. Na hapo ndipo panapoharibika, najua kwa sababu paliniharibikia mimi.

Nilipiga picha ya familia yetu Sikukuu, sebuleni, watu tisa, watatu watatu. Watoto mbele juu ya mkeka, wazee kwenye viti, sisi wengine tumesimama. Nilikuwa na 50mm mpya na nilikuwa naipenda kama kijana anavyopenda vespa. Nikaweka kamera mita nne mbali, f/1.8, kamera ikachagua uso ulio karibu, wa mtoto wa mbele. Nikaisafisha picha, nikampelekea bibi yangu ikiwa kubwa, kwenye fremu. Akaishika, akaisogeza, akaiweka mbali, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. "Mwanangu, macho yangu yamezidi ubovu. Siwaoni vizuri isipokuwa huyu mtoto." Ikabidi nimwambie kuwa miwani haina kosa.

Kwa lenzi ile na kamera ya aina yangu, kwenye f/1.8 na umbali wa mita nne, eneo linalotoka kali halifiki nusu mita, mbele na nyuma kwa jumla. Mistari mitatu ya watu haienei humo. Kwenye f/5.6 eneo hilo linafika kama mita moja na nusu, kwenye f/8 linapita mita mbili. Kwa hiyo kundi likiwa na mistari, anza na f/5.6 au f/8, na fokasi yako iweke kwa watu wa katikati badala ya wa mbele. Ndiyo, mwanga utapungua, itabidi upandishe ISO au uwatoe watu nje kwenye kivuli. Mimi ningewatoa nje. Kivuli cha mwembe saa kumi jioni hakina mfano.

Tundu peke yake haliamui ukungu wa nyuma. Ukimsogelea mtu, nyuma panazidi kuyeyuka. Ukitumia lenzi ndefu, vilevile. Ukimtoa ukutani na kumsimamisha hatua sita mbele, vilevile. Hata ile 18-55, ukiivuta hadi 55 ukamsogelea mtu na nyuma yake pakawa pa mbali, itakupa kitu kizuri. Jaribu hilo kabla hujanunua chochote.

Na jua letu. Wapo waliokuja na picha za pwani ya Paje, saa sita mchana, nyeupe pe, bibi harusi kayeyukia kwenye mchanga. Wanadhani lenzi imeharibika. Hesabu yake ni hii: kwenye jua kali, ISO 100, f/16, shata inatakiwa iwe karibu 1/100. Ukiifungua hadi f/1.8 shata inahitaji kukimbia karibu 1/8000, na kamera nyingi za kuanzia mwisho wake ni 1/4000. Kamera imefika mwisho wa mbio, mwanga uliobaki unaichoma picha. Funga hadi f/5.6, shata itakaa karibu 1/800 na kila mtu atapumua. Kama lazima utake nyuma payeyuke mchana ule, kuna kioo cheusi cha kufunga mbele ya lenzi, tunacho, lakini kusubiri hadi saa kumi na moja jioni hakugharimu kitu.

Upande wa pili, usikimbilie f/22 ukidhani ndiyo ukali wa mwisho. Tundu likiwa dogo mno mwanga wenyewe unatawanyika ukingoni na picha nzima inalegea kidogo. Lenzi nyingi ziko vizuri kabisa f/5.6 hadi f/8.

Ipi ununue? Kwa kamera zenye sensa ndogo (sensa ni kile kibamba cha ndani kinachopokea picha), ambazo ndizo karibu wote wanaoanza wanazo, ushauri wangu ni 35mm ya f/1.8 kabla ya 50mm. Najua kila video ya intaneti inasema 50. Lakini 50 kwenye kamera hizo inabana kama 75 hivi, na vyumba vyetu na vichochoro vyetu si vya Marekani. Utajikuta mgongo umegota ukutani na bado bwana harusi hana miguu. 50 nzuri kwa sura na kwa nje, na bei yake kwa kawaida ni ndogo. Kwa vichochoro vyenyewe na majengo, ile 18-55 uliyonayo kwenye 18 inatosha. Ishike sawa, isitazame juu wala chini; ukiielekeza juu kuta zitaanguka kama zinataka kukutana. Wanaotaka lenzi ndefu kwa ajili ya kima punju wa Jozani nawaambia waende kwanza na walichonacho. Kima wale wamezoea watu, shida ya msitu ule ni kivuli zaidi kuliko umbali.

Kwenye kamera, zungusha kile kidude cha juu hadi Av kama ni Canon, au A kama ni Nikon au Sony. Hapo wewe unachagua tundu na kamera inatafuta shata. Kaa hapo mwezi mzima.

Neno la utunzaji, kwa sababu hili ndilo linalotuletea kazi nyingi. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na masika ndiyo kabisa. Lenzi iliyofungiwa kwenye begi kabatini miezi miwili inaota kuvu ndani, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Ukiziona mapema zinasafishika. Zikikaa zinakula rangi ya kioo na hapo hakuna fundi. Iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana, na vile vipakiti vya kukausha ndani. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, iache begini kama nusu saa kabla ya kuitoa, la sivyo kioo kitatokwa jasho. Na mchanga usiufute kwa kanzu. Upulize kwanza.

Dukani tunakodisha 35mm na 50mm kwa siku, kwa Canon, Nikon na Sony, kwa amana na kitambulisho. Ukitaka kujaribu tu, njoo na kamera yako na betri iliyojaa, tunakufungia lenzi, unatoka nayo hadi barazani ukapiga watu wanaocheza bao, wakikubali. Kuangalia kama lenzi ina kuvu hatutozi. Yule binti alikodi 35mm siku mbili kwa harusi ya Ijumaa, na ameirudisha na picha ambazo mimi siruhusiwi kuziona.

Ijumaa tunafunga saa tano na nusu kwa ajili ya swala, tunafungua tena saa nane.