Kabla hujapaa Jumamosi

Mutua ndugu yangu,

Salamu kutoka Nairobi. Nyumbani wote wazima, mama kikohozi kimemwachia, na Otieno kapata binti, kumbe ndiyo sababu hapokei simu.

Nakuandikia kwa ajili ya ule ujumbe wako. Ulitua geji ya mafuta ikikaribia sifuri, na mwenzako mnayetumia naye ndege akacheka akisema geji za Cessna ni za uongo. Ni kweli. Ndiyo maana hapa uwanja wa ndege wa Wilson tunapanda bawani, tunafungua kifuniko cha tangi na kuchovya kijiti. Geji inayosema uongo leo kwamba mafuta yamekwisha, kesho itakwambia yapo wakati hayapo!

Unamkumbuka John Denver, yule mwimbaji ambaye mzee wako alikuwa akipiga kanda zake kila Jumapili? Alifia huko huko California, karibu na Pacific Grove, Oktoba 12, 1997, akiwa na miaka 53. Alikuwa rubani wa miaka mingi. Ndege ilikuwa Long-EZ, kindege cha kujiundia mtu mwenyewe, ndiyo kwanza ameinunua. Burt Rutan aliyeisanifu alitaka koki ya kubadilishia tangi ikae katikati ya miguu ya rubani, lakini aliyeiunda ile akaiweka nyuma ya bega la kushoto. Hebu kaa kitini ujaribu. Unaachia usukani, unajipinda kiwiliwili kizima, na mguu wa kulia unatafuta pa kujikaza: pale pale penye pedali. Koki ilikuwa ngumu kufikiwa hata wakajaribu kuifunga koleo, haikusaidia. Geji nazo zilikuwa nyuma yake, ikabidi fundi ampe kioo cha kuzitazamia. Alipoulizwa mafuta, alisema hahitaji, ataruka kama saa moja tu.

Wachunguzi wa NTSB, shirika la Marekani la kuchunguza ajali, walihitimisha kwamba akihangaika na koki ile alikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, ndege ikamponyoka. Kutoongeza mafuta kabla ya kupaa wakakutaja miongoni mwa yaliyochangia.

Mimi humuwaza sana yule fundi. Aliuliza, akatoa na kioo. Nasi tukiuliza hapa hujibiwa vivyo hivyo: "Nazunguka kidogo tu." Ndiyo maana moyo ulinipasuka niliposoma kwako kwamba Jumamosi ni "saa moja tu". Saa moja kwa mafuta yapi, Mutua? Sheria ya huko inataka ukifika uwe umebakiwa na ya nusu saa mchana, dakika 45 usiku. Hiyo ni kwa hali nzuri. Upepo wa usoni hausomi sheria. Mimi ningekutaka ubaki na ya saa nzima, na huyo mwenzako acheke apendavyo.

Na ukishajaza, kinga mafuta kidogo chini ya tangi uangalie kama yana maji. Mwalimu wako bila shaka amekuonyesha, lakini... basi, kinga tu.

Sasa nijibu. Kijiti cha kupimia kimo ndani ya ndege, au kimepotea? Nani hujaza, wewe au mwenzako? Mnaandika popote mafuta ambayo kila mmoja ameyabakiza? Koki unaweza kuigeuza macho yako yakiwa nje? Na mkeo anajua habari ya ile geji? Nipigie Ijumaa, hata usiku wa manane wa huku, nitapokea.

Rafiki yako,
Kamau