SHUKRANI KUTOKA KWA FAMILIA YA BA, RASKAZONE TANGA

Om Shanti. Assalam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Naanza na zote tatu maana ndivyo darasa la yoga la Ba, yaani mama yetu, lilivyokuwa linaanza, kila mtu anaitikia ya kwake halafu kimya.

Mimi ni binti yake. Naandika kwa niaba ya kaka yangu aliyeko Leicester, Uingereza, wajukuu, na nyinyi wanafunzi wake wa alfajiri ambao kwangu sasa ni ndugu, sina neno lingine. Nilitaka kuandika mapema nikashindwa, kila nikishika simu machozi yananitangulia, jana tumemaliza nyumbani siku ya kumi na tatu tangu Ba atutoke ndo nimepata nguvu kidogo.

Wengi mmeniuliza ilikuwaje, na sikuweza kumjibu kila mtu. Ba aliteleza bafuni jioni, mvua ilikuwa inanyesha tangu mchana, nikasikia kishindo nikakimbia nikamkuta chini ameshika nyonga. Nikapiga kelele. Wa kwanza kufika ni yule mwanafunzi wetu mvuvi wa pale Deep Sea, alikuwa anapita na ndoo yake, akaitupa pale mlangoni akaita wenzake watatu wakaleta ule mkeka wake wa darasani wamlaze wambebe, na jamani pamoja na maumivu yale yote Ba ndo akawa anawaelekeza, "pindeni magoti, msivute kwa mgongo, haya pumzi ndani, nyanyueni." Wakamnyanyua kama alivyowafundisha. Mpaka leo ile sauti iko masikioni mwangu.

Daktari akasema nyonga imevunjika, afanyiwe oparesheni, na damu inatakiwa. Nimetuma ujumbe kwenye group saa tano usiku nikijua watu wamelala. Asubuhi saa moja nafika nakuta vijana wa kijiwe cha bodaboda wamejipanga kwenye benchi, mmoja bado kashika helmeti, na kina mama wawili wa darasa, na mwalimu mstaafu mmoja ambaye walimkataa kwa ajili ya umri akakasirika kweli kweli, akaenda kununua maji na ndizi za waliotoa. Mwalimu, mzee wangu, asante. Sikujua nishike mkono wa nani kwanza.

Oparesheni ilienda vizuri, Mungu ashukuriwe. Siku ya tano akaanza kukohoa, wakasema nimonia, akawekewa oksijeni. Hapo ndo siku zetu ngumu. Mama aliyekaa miaka yote akifundisha watu kupumua, sasa kila pumzi anaitafuta. Tulikuwa tunabadilishana zamu, uji wake ulitoka nyumba tofauti kila siku wala sikuwahi kupanga ratiba, ulikuwa unakuja tu kwenye chupa ya chai umefungwa na kitambaa.

Usiku wa mwisho nilikuwa mimi naye. Alishaacha kuongea toka jioni. Nikaanza kumhesabia polepole kama alivyokuwa anatuhesabia yeye, vuta, shika, achia. Nesi wa zamu akaja akaniuliza dada unahesabu nini, nikamwambia, hakusema kitu, akavuta kiti akakaa upande wa pili akashika ule mkono mwingine akawa anahesabu na mimi. Hakuwahi kuhudhuria darasa hata siku moja. Saa kumi na kitu alfajiri, muda ule ule aliokuwa anaamka kwenda kufagia majani chini ya mkungu wake, Ba akaachia na hakuvuta tena. Nesi wangu, jina lako silitaji maana hukutaka, lakini Bhagwan, Mungu wetu, anakujua na mimi nakuombea kila nikiwasha taa ya asubuhi.

Sasa mnajua sisi Wahindu hatuzikwi, tunachomwa, na haifai kuchelewa. Na masika hii! Kuni zote zilizokuwepo zimelowa, unazishika zinatoa maji. Kaka ndege hapati kwa muda ule. Wazee wa hekalu wanapiga simu huku na huku, mimi nimekaa barazani naangalia mvua nasema moyoni Ba wangu nitakuondoaje. Mchana karibu saa sita ikaingia Kenta imefunikwa turubai, imetoka Muheza. Ni mume wa mwanafunzi mmoja wa Ba. Akafunua, kuni za mwembe, kavu kabisa, zimepasuliwa vizuri, na kwetu sisi mwembe ndo mti hasa wa shughuli hiyo, yeye wala hakujua. Nikamuuliza nilipe kiasi gani akasema hizi nilimwekea binti yangu, za kupikia pilau la harusi yake, binti ataolewa tu hata kwa kuni nyingine. Nililia pale pale mbele ya watu. Baba, na wewe bibi harusi ambaye hujaniona, shukrani yenu hainitoki mdomoni. Tutakuja harusini wote, na kanga tutaleta.

Kina mama walimwosha Ba, wakamvika nyeupe, wakamwekea jani la tulsi, mrehani wetu mtakatifu, mdomoni. Lile jani ni la chungu chake cha uani ambacho jirani yangu wa mlango wa pili alikimwagilia siku zote tulizokuwa hospitali bila kuambiwa na mtu, ningekuta kimekauka sijui ningefanyaje. Halafu mwanafunzi wake mmoja akasogea taratibu akamgeuza viganja vikaangalia juu, kama anavyotulaza mwisho wa darasa, shavasana. Wote tukaelewa.

Moto nimewasha mimi. Kwa kawaida ni mtoto wa kiume, ila wazee wa hekalu walikaa wakakubaliana mtoto ni mtoto, na kaka alikuwa hewani kwenye video, mjukuu amemshikia simu. Wazee wangu asanteni kwa heshima ile. Na nyinyi mliosimama getini kwa sababu dini yenu haiwaruhusu kusogea, nimewaona, mmelowa na mvua masaa mawili. Ba mwenyewe ndo alikuwa anasema Om nitaisema mimi, nyinyi semeni yenu moyoni au nyamazeni.

Siku ya tatu tulipeleka majivu baharini. Nahodha alizima injini tukiwa tunaelekeana na kisiwa cha Toten, kusi inavuma, akasema tusubiri kidogo itulie. Nikakumbuka darasani, Ba akifundisha maneno ya Patanjali, yule mwalimu wa kale wa yoga wa India, kwamba yoga ni kutuliza mawimbi ya akili, alikuwa hasomi kitabu, ananyoosha kidole baharini tu. Nahodha hakupokea hela ya mafuta.

Kwa haraka naomba nishukuru kamati ya hekalu na kina mama wa bhajan, nyimbo zetu za ibada, sheikh wa msikiti wa jirani aliyetupa maturubai na viti, mchungaji na kwaya, madaktari na manesi wote, wavuvi wa Deep Sea, bodaboda na bajaji, majirani wa Raskazone na Chumbageni, mashangazi wa Barabara ya 12 waliopika siku zote bila nyama wala kitunguu kwa heshima yetu, fundi seremala aliyetuchongea yale matofali ya mbao ya darasa na safari hii akatengeneza machela, waliochanga kwa simu toka Muheza, Korogwe, Pangani, Dar, Mombasa, Leicester. Mtunza hazina wa group, kila shilingi uliiandika, Mungu akuandikie na wewe.

Na najua nimesahau watu. Tafadhali sana tusameheane, kichwa changu hakijakaa sawa, kuna mtu alinifunika kanga begani siku ile kwenye mvua na mpaka leo simjui. Kama kuna niliyemjibu vibaya pale wodini, au ulipiga sikupokea, nisamehe kwa ajili ya Ba.

Darasa linaendelea, Jumamosi saa kumi na mbili alfajiri chini ya mkungu, ataongoza mwanafunzi wake wa zamani zaidi. Tarehe 21 Juni, Siku ya Yoga, tunakutana kama tulivyofanya kila mwaka toka ile ya kwanza 2015, safari hii mazoezi ya salamu za jua zile kumi na mbili tunamfanyia yeye. Asiye na mkanda wa mazoezi aje na kanga, kama kawaida, yeye mwenyewe aliyesomea Pune, India, kwa Iyengar, yule mwalimu mkubwa wa yoga, alisema kanga inatosha.

Nyumbani zimebaki sufuria mbili kubwa, chupa ya chai ya bluu na mkeka wenye ukingo mwekundu. Wenyewe njooni mchukue, nipo kila jioni, na chai ipo.