Simba Yuleyule, Hadithi Ileile

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba nyumbani kwako wote ni wazima. Huku nasi hatujambo, isipokuwa joto la mwezi huu ambalo halina adabu. Umeniuliza kwa nini niliukataa mwaliko wako wa kwenda kuangalia filamu ya Mufasa: The Lion King, ukaongeza, kwa ule utani wako wenye miba, kwamba nimezeeka kabla ya wakati na kwamba kila filamu itokayo Hollywood siku hizi naiona takataka. Ulisema pia kuwa bibi zetu walitusimulia hadithi ileile ya sungura na fisi mwaka baada ya mwaka, na hakuna mjukuu aliyewahi kulalamika. Hoja hiyo imenikaa kooni, kwa maana ina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu nakujibu kwa urefu.

Sina ugomvi na kurudia hadithi. Unakumbuka tulivyobanana kwenye vibanda vya video tukiangalia kanda za Marekani na Hong Kong zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Lufufu, kama wenzetu wa Kenya wanavyosimuliwa na DJ Afro. Picha zilikuwa zilezile zilizotoka kwa wenyewe, lakini msimulizi alimtania stelingi, alimsuta adui, alitueleza kwa nini yule mama analia, na mahali ambapo mwandishi wa filamu alilegea, yeye alikaza. Tulitoka pale tukiwa tumeangalia kitu kingine kabisa. Bibi naye hakuwa mbali na hayo, kwani fisi wake wa mwaka huu alikuwa na sauti ya jirani aliyemuudhi wiki iliyopita. Wote wawili walirudia kwa sababu walikuwa na la kuongeza, na hapo ndipo ninapoachana na mabwana wa Hollywood.

Ichukue hiyo The Lion King, hadithi ya mwanasimba Simba ambaye baba yake, mfalme Mufasa, anauawa na nduguye Scar. Ya mwaka 1994, yenye dakika 88, ni kazi ya mkono wa mchoraji, na mkono huo ulikuwa huru kumpa Scar nyusi za dharau, kumpa Simba mdogo midomo inayotetemeka, na kuibadilisha rangi ya anga kufuatana na hasira ya wimbo. Mwaka 2019 kampuni ya Disney iliirudisha chini ya mwongozaji Jon Favreau, na safari hii wanyama walitengenezwa kwa kompyuta hadi unyoya wa mwisho ukaonekana wa kweli. Favreau mwenyewe alieleza kwamba katika filamu nzima ni picha moja tu iliyopigwa kwa kamera halisi, nayo ni ile ya mwanzo kabisa, jua linapochomoza. Ufundi huo ni wa kustaajabisha, wala simnyimi mtu haki yake. Lakini simba wa kweli hana nyusi za kunyanyua. Mtoto anapomlilia baba yake aliyekanyagwa na nyumbu, sauti inalia na sura imelala, na mtazamaji anabaki akiangalia filamu ya wanyamapori ambayo mtu ameisahau redio ikiwaka pembeni yake.

Isitoshe, dakika zimekuwa 118, na ukiuliza ile nusu saa ya ziada imefanya kazi gani, utapata kichekesho. Katika filamu ya zamani, Simba anajitupa chini kwa uchovu, vumbi na vipande vya majani vinapeperushwa na upepo mpaka vinamfikia nyani mzee aitwaye Rafiki, naye anatambua kwamba kijana yu hai. Ni jambo la muda mfupi mno, tena la kupendeza. Katika filamu mpya, shungi la manyoya ya Simba linaanza safari ndefu: linaliwa na twiga, linatoka pamoja na kinyesi, linaviringishwa na yule mdudu wa mavi, linabebwa na sisimizi, na baada ya masaibu yote hayo linafika palepale ambapo upepo ungelifikisha. Wimbo wa mapenzi ambao maneno yake yenyewe yanautaja usiku wa leo unaimbwa jua likiwa linawaka. Wimbo wa Scar, ambao kwangu ndio uliomfanya awe adui wa kuogopwa, umefupishwa ukawa nusu hotuba. Faraja yangu ilikuwa kumsikia tena James Earl Jones katika sauti ya Mufasa, ingawa hata hilo lilinikumbusha tu kwamba ya kwanza bado ipo na ningeweza kuiangalia hiyo.

Pamoja na hayo yote, filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa ilipofuatiwa, mwaka 2024, na hiyo Mufasa uliyonialika. Nimeiangalia baadaye kwa mpwa wangu, ili nisije nikakujibu kwa chuki tupu. Imeongozwa na Barry Jenkins, mtu aliyetupa Moonlight, filamu iliyopewa Oscar ya filamu bora, na kuna nyakati mkono wake unaonekana, hasa kwenye maji na kwenye theluji. Kazi aliyopewa ndiyo iliyokuwa mbovu tangu mwanzo. Tunaelezwa Scar alipataje kovu lake, fimbo ya Rafiki ilitoka wapi, na hata lile jabali la wafalme liliinukaje kutoka ardhini, kana kwamba tumekaa miaka 30 tukikosa usingizi kwa sababu ya jabali. Baya zaidi, sasa tunaambiwa kwamba Mufasa na Scar hawakuwa ndugu wa damu. Uchungu wa ile ya 1994 ulitokana na kwamba mtu alimsukuma shimoni mtoto wa mama yake ili arithi kiti. Ukishaondoa udugu huo, unabaki na wivu wa kawaida, na hadithi ya kwanza nayo inapungua uzito bila kosa lake.

Ugonjwa huu wa kueleza kila kitu si wa Disney wa simba peke yao. Katika Solo, filamu ya Star Wars ya mwaka 2018, tulionyeshwa ofisa akimbandika kijana Han lile jina lake la pili, Solo, kwa sababu tu alikuwa hana watu wake, jambo ambalo hakuna mpenzi wa Star Wars aliyeliuliza tangu filamu ya kwanza ya 1977. Mwaka uliofuata, katika The Rise of Skywalker, nayo ya Star Wars, adui mkuu Mfalme Palpatine, ambaye mwaka 1983 tulimwona akitupwa shimoni, alirudi akiwa hai, na maelezo tuliyopewa na mmoja wa mashujaa ni kwamba amerudi kwa namna fulani, basi. Lisilohitaji maelezo linachukua filamu nzima, na linaloyahitaji linapewa sentensi moja. Lufufu angethubutu kutusimulia hivyo pale kibandani, tungemzomea na kudai kiingilio chetu.

Najua utaniambia kwamba biashara ni biashara, na hapo nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Mwigizaji Matt Damon aliwahi kulieleza jambo hili vizuri: zamani filamu ya kadiri ambayo haikufanya vizuri kwenye kumbi ilipata nafasi ya pili katika mauzo ya DVD, na fedha hizo ziliwapa wenye studio moyo wa kujaribu. Soko hilo liliposinyaa, kila filamu ikatakiwa irudishe gharama zake karibu zote ukumbini. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika sinema hata kizuri lazima kitembezwe, tena kwa mamilioni ya dola, na jina ambalo watu wanalijua tayari linahitaji kutembezwa kidogo kuliko jina geni. Ukiziangalia filamu 10 zilizoingiza fedha nyingi zaidi duniani mwaka 2024, tisa ni za kuendeleza au kutangulia filamu nyingine, na ya kumi, Wicked, imetoka kwenye mchezo wa muziki wa jukwaani. Sisi tulionunua tiketi hatuwezi kunawa mikono.

Hata hivyo biashara haielezi kila kitu, kwa maana zipo filamu zilizorudiwa zikazipita zile za kwanza. The Maltese Falcon tunayoijua, ya mwaka 1941, ilikuwa jaribio la tatu la riwaya moja ndani ya miaka kumi. Mwongozaji John Carpenter aliporudia, mwaka 1982, hadithi ambayo tayari ilikuwa filamu mwaka 1951, alifanya badiliko moja kubwa: dude lake katika The Thing liliweza kujigeuza kuwa mtu yeyote kambini, na hivyo hofu ikahama kutoka kwa dude ikaenda kwa mwenzako mnayekula naye meza moja. Kumbi hazikumpokea vizuri wakati ule, lakini alikuwa na sababu ya kurudia, na sababu hiyo inaonekana katika kila picha.

Ukija Desemba, njoo na nafasi ya jioni moja tuiangalie Sinners ya Ryan Coogler, iliyotoka 2025. Ni ya Mississippi ya mwaka 1932, ina muziki wa blues, ina wanyonya damu, ina Michael B. Jordan akiwa mapacha wawili, na haikuendeleza filamu yoyote wala kurudia yoyote, lakini watu walijaa kumbini. Coogler alihakikisha pia kwamba baada ya miaka 25 haki za filamu hiyo zitarudi mikononi mwake. Wasiwasi wangu ni kwamba mtu ameshakaa ofisini mahali fulani akiipigia hesabu Sinners ya pili.

Najua utanijibu kwa Toy Story 3, maana hukosi kuitaja, na mwendelezo huo nakuachia kwamba ni mzuri. Ya nne ndiyo tutakayogombania.

Wasalimie wote nyumbani, hasa mama.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.