Mifumo ya serikali iwakumbuke na wenye vitochi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Wiki iliyopita nilimsindikiza bimkubwa kwenye ofisi moja ya umma, akaambiwa fomu siku hizi ni mtandaoni tu, na yeye ana kitochi, tukaishia steshenari kijana akatujazia kwa buku mbili na paswedi ya mama akaiandika kwenye daftari lake, yaani siri ya mtu inabaki kwenye droo ya steshenari! Imeniuma sana.

Mi mifumo siipingi kabisa. Tangu 2017 malipo ya serikali yalipoanza kwenda kwa kontroo namba, yaani namba maalumu ya kila malipo, mtu analipa hata kwa simu ya batani, na *152*00#, ile menyu ya simu ya huduma za serikali, inafunguka bila bando, hiyo ndo dizaini inayoanza na simu aliyonayo mwananchi. Ila ile fomu ni Kiingereza kitupu, ukikosea herufi moja inakurudisha mwanzo.

Wahusika, kabla hamjazindua mfumo mchukueni mama mmoja wa sokoni, mpeni simu, kaeni pembeni kimya muone anakwama wapi, halafu rekebisheni hapohapo.

Msomaji wenu, Mbagala, Dar es Salaam