Shukrani kwa mzee wa pwani ya Wesha

Mzee wangu, jina lako sikulipata, ndiyo maana nakushukuru mbele za watu.

Tulikuwa sita, watoto wawili wakiwemo, tumeazima mashua ndogo ya tanga twende kisiwa cha Misali, hapo Pemba, turudi siku ile ile. Mpango wetu ulikuwa kung'oa nanga saa nne asubuhi. Ulitukuta jioni ya kuamkia safari tukipanga vyombo, ukauliza swali moja: "Wanangu, mwezi mmeutazama?"

Ulikuwa mpevu. Ukachukua kijiti ukatuchorea mchangani: siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji hujaa kwenye saa kumi na hukupwa kwenye saa nne, kwa hiyo saa yetu ya kuondoka ingetukuta tumekaa juu ya tope. Ukatupangia upya. Tutoke saa kumi na mbili alfajiri maji yakiwa bado yapo, Misali tuiache saa saba, maana upepo wa kusi hukaza mchana na kurudi tungelazimika kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo.

Kisha ukaipitisha kamba ya demani, ile ya kuongozea tanga, kiganjani, polepole, pima kwa pima, hadi kidole kikasimama palipolika. Nyuzi tatu tu zilikuwa zimeshika! Ukaikata hapo, ukaiunga upya, ukatuachia na kopo lako la kufulia maji, yaani kuyatoa chomboni. Pesa ulikataa.

Kurudi, upepo ulikaza kama ulivyosema. Kamba ilishika. Watoto walishuka maji magotini, wakicheka.

Manahodha wenzake mzee huyu, mkiona wageni wa bahari wanafunga safari, waulizeni habari za mwezi. Mzee, kopo lako ninalo, nitalirudisha Ijumaa.